Nilivyoipiga Harusi ya Zaituna bila Rangi

Mpaka leo kina mama wa Palma, huku kaskazini mwa Msumbiji, wakiniona na kamera begani huniuliza kama leo nimekumbuka kubeba rangi, halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega, na mimi nacheka nao kwa sababu nifanyeje, aibu ukiikimbia inakufuata mpaka msalani, bora uisimulie mwenyewe kabla wengine hawajakusimulia. Basi kaeni vizuri niwape yote.

Miaka ile gesi ndiyo kwanza imeonekana huko baharini, mji ulijaa wageni, kila mwenye chumba akapangisha chumba, na jirani yetu mmoja (sisemi uongo, muulizeni) aliwatoa kuku bandani akatia kitanda humo. Kwetu alipanga injinheiro mmoja, yaani mhandisi, kutoka Maputo, kijana mpole, mla samaki kwa uma, kazi yake sikuielewa ila ilihusu mabomba. Mimi wakati huo nilikuwa ndiye mpiga video wa harusi, kamera niliinunua Mtwara nikavuka nayo mto wa mpakani pale Namoto nimeizungushia kanzu mbili isiingie maji, na tangu siku hiyo nikawa sisalimii watu vizuri. Injinheiro alipoiona kamera alifurahi kama kaonana na ndugu, akanipa flashi yake, akasema humo mna filamu anazozipenda kuliko zote, niziangalie nijifunze.

Nikachomeka. Picha ikatoka haina rangi. Nikajua televisheni ndiyo basi tena, nikaifungua mgongo, nikapuliza vumbi, nikabadilisha waya, nikaipiga makofi ya ubavuni (ndivyo tunavyozitibu huku), wapi. Nikamwendea mwenyewe kwa huruma kumpa pole kuwa flashi yake imeharibika. Akacheka sana, akasema hapana, zimepigwa hivyo makusudi, preto e branco, na wala si za zamani, ni za juzijuzi. Sikumwamini mpaka nilipomwona mtu ndani ya filamu anatoa mfukoni simu ya kugusa kwa kidole, mpya kuliko yangu, na bado dunia yake nzima ni nyeusi na nyeupe.

Jamani, nilinaswa. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke anauza maziwa kwenye stesheni ya treni, anamngoja mumewe, mvua inanyesha, treni zinapita, hakuna anayepigana, hakuna anayeimba, mwanamke anafuta mezani tu. Ya pili ilikuwa ya wazee wawili, mtu na ndugu yake, waligombana kwa ajili ya ng'ombe wakaacha kusemezana, lakini kila siku wanakula meza moja. Nilidhani nitasinzia, kumbe nikajikuta namlilia ng'ombe wa watu. Injinheiro akaniambia kuwa rangi huyachezea macho, ukiiondoa unabaki na uso wa mtu peke yake, na maneno hayo yaliniingia vibaya sana. Zilikuwa filamu kumi na moja, nikaziangalia zote, nyingine mara tatu, nikawa naenda sokoni naona nyanya za kijivu.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nimekiweka rehani. Alikuwapo Mwanaisha, binti mdogo wa Bi Somoe, mimi na yeye tumependana mwaka wa pili, na Bi Somoe alikuwa hataki kusikia, anasema hawezi kumwoza mwanawe kwa mtu ambaye kazi yake ni kuchungulia kwenye tundu. Lakini dada yake Mwanaisha, Zaituna, akapata mchumba, dereva wa magari ya watu wa gesi, na mpiga video mjini ni mimi peke yangu. Bi Somoe akaniita uani, akaniambia taratibu, "Amade, nipigie harusi hii vizuri. Siku tutakayoiangalia, mlete mjomba wako." Kwetu mjomba haji nyumbani kwa watu na sinia lililofunikwa kwa ajili ya kuulizia bei ya samaki. Nilitoka pale sikanyagi chini.

Na mnajua harusi zetu, harusi ni sare. Upande wa bibi harusi wanavaa kanga moja, upande wa bwana harusi nyingine, wanashindana kucheza ngoma ya tufo mpaka miguu inavimba, na nani kashinda haliamuliwi siku ile, linaamuliwa siku ya kuangalia video, watu wote wamekaa, pande zote mbili. Bi Somoe alivuka mwenyewe kwenda Mtwara kuchagua kanga za upande wake, akarudi na nyekundu, nyekundu ya kuiva, ambayo ukiitazama juani unafumba jicho. Upande wa dereva wakachukua kijani.

Asubuhi ya harusi nikaingia kumpiga picha Zaituna chumbani. Mwanga unatoka dirishani, kaweka mikono yenye hina mapajani, katazama pembeni, na mimi hapohapo nikamkumbuka muuza maziwa. Kamera yangu ilikuwa na kitufe cha kuondoa rangi. Nikasema dakika moja tu. Wallahi ilitoka picha nzuri mno, nikasema na hii ya mama yake akimfunga ushungi, na hii ya bibi yake, na hii ya wacheza ngoma vumbi likipanda, na nilipokuja kushtuka harusi imekwisha, siku mbili nzima, na rangi sikuirudisha hata kwa bahati mbaya. Mngedhani niliogopa. Sikuogopa, nilijisifu. Nilikwenda kuiunganisha kwenye kompyuta ya injinheiro, na kwa kuwa watu wa filamu zile hawana haraka, ngoma zote nikazipunguza mwendo. Injinheiro alipoiona alinibusu kipajini.

Siku ya kuangalia ikafika, Jumapili baada ya alasiri. Ukumbi wa Bi Somoe ulijaa, mapazia yamefungwa, mikeka imegusana, mashangazi wa bwana harusi mbele, na mbele yao kabisa Bibi Atija, bibi yake Zaituna, ambaye macho yake yamepungua lakini hakubali. Bi harusi mwenyewe hakuwapo, mumewe alishamchukua kwao Awasse. Mwanaisha alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Nikawasha.

 Mama mmoja akainuka akaipiga televisheni kofi la ubavuni. Mwingine akaongeza la upande wa pili. Hapo ndipo nilipotakiwa kusingizia umeme nikimbie, lakini mimi, mjinga wa Mungu, nikasimama mbele ya watu sitini nikaeleza kuwa imepigwa hivyo makusudi, kwamba rangi huyachezea macho, kwamba sasa mtaziona nyuso. Hakuna aliyetaka kuziona nyuso. Nyuso zile wanaziona kila siku kisimani.

Ikaja ngoma. Sasa nyekundu na kijani, mimi sikujua, ukiziondolea rangi zinatoka kijivu kilekile kilichokolea. Shangazi wa bwana harusi akaanza kushangilia kuwa tazameni tulivyowashinda, mama wa upande wa pili akamwambia hao si nyie, hao ni sisi, huoni kiuno kile, shangazi akauliza kiuno kipi, na pale watu wakaanza kunyosheana vidole, wengine wamesimama wameziba kioo, na mmoja akadai mguu wa jirani yake ni wa kwake.

Katikati ya vurugu hiyo Bibi Atija anaangalia. Anaona wanawake waliovaa giza wanakwenda polepole, ngoma inavuta kama mtu anayeguna, na kati yao Zaituna kavishwa nyeupe, kanyamaza. Akauliza, "Nani kafa?" Hakuna aliyemsikia, wote wako kwenye viuno. Akauliza tena. Halafu akapiga kelele ya jina la Zaituna, akaanza kulia, kilio cha kweli, cha bibi. Kumwambia Zaituna mzima hakubali, anataka asikie sauti yake, Awasse wanapigiwa simu na mtandao hakuna. Na mnajua kilio cha mtu mzima, kina mama wawili watatu wakaanza kulia naye huku wanajua fika hakuna aliyekufa, wengine wanacheka mpaka wanalia, na mtu aliye nje hawezi kutofautisha.

Na nje alikuwapo mtu. Mjomba Buraimo, kanzu imepigwa pasi, na wazee wawili nyuma yake, na sinia la halua limefunikwa kanga mpya. Wamefika kuniposea. Mjomba akasimama kizingitini akasikiliza, akaona bibi kizee ameshikwa mikono, akavua viatu, akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akainua mikono akaomba dua ndefu, wazee wanaitikia amina, na ukumbi mzima (kwa mazoea, dua ni dua) ukaitikia amina. Mimi mwenyewe nikajikuta nimeitikia. Kisha akamwendea Bi Somoe, akamwambia, "Pole sana dada. Tulikuja kwa jambo jingine, lakini la Mungu halingoji." Akamwekea sinia mbele yake, na bahasha ya posa akaitia chini ya kanga, akasema huu ni ubani wetu. Nilimtazama Mwanaisha. Alikuwa ameteleza kwenye mlango mpaka chini, kajifunika mtandio uso mzima, mabega yanatikisika, na vikombe vimemwagika.

Watu walipoondoka Bi Somoe hakunifokea, na bora angenifokea. Alikuwa anakunja mikeka. Akasema, "Mimi niliolewa bila picha hata moja, mwanangu. Nilitaka nikizeeka niikumbuke ile nyekundu." Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka, nikasema nisamehe mama, nikaondoka sijui nimepita njia gani.

Rangi ukishaiacha huirudishi, nilimuuliza injinheiro, naye akainamisha kichwa. Basi nikapita nyumba kwa nyumba, kwa wekundu na kwa kijani, kuomba msamaha na kuomba wavae tena, wacheze tena, Sikukuu ya Idi. Walinitesa. Mmoja alinitaka nimtwangie mahindi kwanza, nikatwanga. Lakini walikubali, kwa sababu swali la nani kashinda lilikuwa linawaunguza kuliko mimi. Idi ikafika, kanga zikatoka, Zaituna na mumewe wakaja kutoka Awasse, na mimi nikakagua kile kitufe mara ishirini. Ile nyekundu ilitoka kama moto. Bi Somoe aliiangalia mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwambie mjomba wako arudi. Tukiwa wazima." Ndiyo hivyo nikampata Mwanaisha.

Kuna jambo moja tu ambalo kati yetu sote hakuna aliyelifikiria. Kati ya harusi na Idi ilipita miezi sita, na Zaituna wa siku ile ya Idi alikuwa na tumbo linalotangulia mlangoni. Kwa hiyo kila akija mgeni, hata ndugu wa Quiterajo ambao hawakuwahi harusi, Bi Somoe anawawekea video yake ya rangi kwa furaha, wanasifu kanga, wanasifu ngoma, halafu anatokea bibi harusi na tumbo lake, na unawaona watu wazima wanahesabu kwa vidole chini ya kanga. Hapo mama mkwe wangu ananigeukia, bila kunitazama usoni, anasema, "Amade, weka ile nyingine." Naweka, nyeusi na nyeupe, Zaituna dirishani, mwembamba kama sindano, na wageni wanashusha pumzi. Filamu zangu bado nazipenda, naziangalia kwangu nimefunga mlango. Lakini nimeapa, harusi ya mtu naipiga kwa rangi zote alizoziumba Mungu, hata zikiniumiza macho, maana filamu ni ya mpigaji, harusi ni ya wenyewe.