Waya wa Kuonyesha Wageni

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mfuko wake wa vifaa, Matano huzunguka nyumba anayoitia umeme akigusa kuta kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. Watu wa Konde walishamzoea.

"Matano, nyumba inaumwa?" humtania.

"Sebule haijambo," hujibu. "Chooni ndiko kunakotoka jasho."

Alizaliwa Vitongoji, akajifunza kazi Unguja mjini, akarudi Pemba siku ambazo wenye injini za umeme walihesabika kwa vidole. Mwaka 1937 Bwana Valimohamed, muuza nguo, naye akaleta yake, pamoja na waya wa namna mbili. Mwingi ulikuwa wa mpira uliofumiwa uzi wa pamba juu. Mwingine, kidogo tu, ulikuwa wa mpira uliovikwa ganda la madini ya risasi, ghali, unang'aa kama fedha. Huo wa risasi akaamuru upite sebuleni, wageni wa Idi wauone. Wa uzi uende chooni, ambamo pia ndimo walimokuwa wakioga.

"Chooni kuna maji, bwana," alisema Matano. "Risasi hayaipenyi. Uzi unayanywa."

"Mgeni gani ataingia chooni kwangu kutazama waya?"

Matano akautazama mlango wa choo. Kila jioni akikusanya vifaa alisikia humo maji yakimwagwa kwa kata, na kicheko cha Akbar, mjukuu wa nyumba, akikogeshwa na mama yake, Bi Sugra. Kicheko hicho kilimkalisha roho juu.

"Basi choo nakiacha giza," alisema.

"Nitatafuta fundi mwingine!"

"Mtafute, bwana. Lakini kanzu yako hiyo ya pamba, safi mashaallah, mvua ikikukuta nayo njiani inakufaa nini?"

Bwana Valimohamed aliitazama kanzu yake. "Inanigandama tu."

"Na waya wa uzi ni hivyo hivyo. Sebuleni pakavu, utakaa miaka. Chooni utalowa, mpira uoze, kisha umeme utoke nje umtafute aliyesimama majini miguu mitupu."

Ndani, Akbar alicheka tena. Babu yake akageuza uso kuelekea kicheko.

"Wageni watazame taa," alinung'unika mwishowe. "Waya wanautakia nini?"

Matano akautandaza wa risasi chooni, akaliunga ganda lake na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini ili umeme ukivuja uishie huko, swichi akaiweka nje ya mlango. Taa ikawaka. Bi Sugra, ambaye tangu kazi ianze alikuwa akimletea chai bila kusema neno, alisimama mlangoni na Akbar kiunoni, hataki kuingia.

"Fundi, wewe ungemkogesha mwanao humu?"

"Ndiyo, Bi. Kwa ule wa uzi, nisingemkogesha."