Tela la Beatrice: Kutoka Mafiga hadi Isoka na Kurudi

Safari hii ilianzia kwenye macho ya mume wangu. Daktari alimwambia ana presha ya macho, kwamba uwezo wake wa kuona pembeni unapungua na hautarudi, na kwamba aache kuendesha gari. Baba Rehema ameendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Zambia zaidi ya nusu ya maisha yake. Alitoka kwa daktari akakaa barazani kwetu Mafiga, Morogoro, mpaka adhana ya alasiri.

Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Yeye akirudi alinisimulia Tunduma, Isoka, Mpika, na kila mara aliahidi siku moja atanichukua. Sikuwahi kwenda. Nilipostaafu nilinunua pikapu kuukuu, nikawa nashusha kabichi na njegere kutoka Nyandira, kule juu Mgeta, kuleta sokoni Morogoro. Kwa hiyo kuendesha kwenye kona najua, lakini mwisho wa dunia yangu ulikuwa Mikumi.

Mwezi uleule wa daktari, rafiki yake wa zamani wa barabarani, Bwana Mulenga wa Isoka, Zambia, alipiga simu. Alikuwa anauza karavani yake, lile tela lenye kitanda, jiko na madirisha ambalo watu hulivuta nyuma ya gari wakienda kutembea. Mkewe alikuwa amefariki, naye alikuwa anahamia kwa binti yake.

"Tulichukue," mume wangu aliniambia. "Nikuonyeshe barabara yangu ningali naiona."

"Nani ataendesha?"

"Wewe."

Ndugu zetu walisema tumechanganyikiwa. Mtu mzima na nyumba yake anakwendaje kununua nyumba nyingine yenye magurudumu, tena nchi ya watu? Tukaondoka.

Jumamosi alfajiri tuliiacha Mafiga ukungu ukiwa bado umeufunika Uluguru mpaka kiunoni. Tulipita Mzumbe wanafunzi wakiwa wamelala, tukavuka mbuga ya Mikumi, tukapanda mlima wa Kitonga. Baba Rehema alikuwa akinitajia kila kitu kabla hatujakifikia: kona ambayo lori la mwenzake lilianguka, daraja, mama anayeuza vitunguu Ruaha Mbuyuni. Yule mama alimkumbuka. "Huyu ndiye mwalimu?" aliuliza, akanishika mkono kama ndugu. Nilishangaa kukuta ninajulikana mahali ambapo sijawahi kukanyaga.

Tulilala Makambako, kwenye baridi inayokata. Jumapili mchana tulifika Tunduma. Malori yamejipanga tangu mbali kabla ya mji, madereva wanapika pembeni ya matairi. Mume wangu aliteremka akasalimiana nao, wengi vijana wasiomfahamu, akarudi garini.

Jumatatu asubuhi, baada ya kupata kibali cha kuingia na gari, tulivuka kwenda Nakonde na kuendelea mpaka Isoka, mwendo wa saa kama tatu. Bwana Mulenga alitupokea uani. Ni mtu mrefu, mpole, anazungumza Kiswahili alichojifunza kwa madereva wetu, chenye maneno mengi ya gereji. Alimkumbatia mume wangu muda mrefu, kisha akaniambia, "Karibu, shemeji. Twende ulione."

Karavani ilikuwa nyeupe, imefubaa, safi kuliko nilivyotegemea. Ndani palikuwa na mapazia ya maua, sinki dogo, meza inayokunjwa na kitanda kilichotandikwa. Kwenye kabati kulikuwa na vikombe viwili. Mulenga alisema walikuwa wakienda nayo ziwani, yeye na mkewe Beatrice, kila baada ya mavuno. Alitaka kuendelea, akaacha.

Mezani sebuleni aliweka kadi ya usajili na hati ya polisi inayothibitisha namba ya tela. Mimi nilinyoosha mkono, lakini mume wangu aliwahi. Karatasi za mpakani amezishika maisha yake yote. Aliisogeza kadi karibu na dirisha, akaiinamia, akasema, "Iko sawa." Wakaandikiana mkataba wa mauziano, nami nikatia saini kama shahidi, tukamlipa. Tulifunga tela nyuma ya pikapu, tukaunganisha waya wa taa, na nikapewa somo langu la kwanza la kurudi nyuma: ukitaka tela liende kushoto, usukani unaukata kulia. Nililipindisha mara tano. Mulenga hakucheka. Tulipotoka getini nilimtazama kwenye kioo, nikamwona amesimama pale pale lilipokuwa tela, juu ya majani yaliyogeuka manjano.

Jumanne, mpakani. Kwenye jengo wanamokaa maafisa wa nchi zote mbili tulipokewa na wakala wetu wa forodha, dada mmoja mchangamfu aitwaye Neema. Alichukua karatasi zetu kwa tabasamu. Alirudi bila tabasamu.

"Shikamoo tena, mama," alisema, ingawa tulikwisha salimiana. "Muuzaji wenu anaitwa nani?"

"Mulenga. Joseph Mulenga."

"Kadi hii ni ya Beatrice Mulenga."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama sakafu.

Neema alitueleza taratibu. Tela ni mali ya marehemu. Aliyetuuzia hana haki ya kuliuza mpaka aonyeshe kuwa ndiye msimamizi wa mirathi, na anatakiwa kuja mwenyewe na barua ya mahakama, mkataba uandikwe upya. Bila hivyo halivuki. "Linaweza hata kuhesabiwa limeibwa," alisema kwa sauti ya chini. Tulimpigia Mulenga palepale. Simu iliita mpaka ikakatika. Tulipiga tena adhuhuri, tukapiga alasiri, tukamtumia ujumbe. Kimya.

Tukaruhusiwa kuegesha upande wa Nakonde, kwenye uwanja wa malori. Ndivyo tulivyolala kwa mara ya kwanza katika nyumba yetu mpya, tukiwa hatujui kama ni yetu.

Jumatano asubuhi nilichemsha chai kwenye lile jiko dogo. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilimwekea kikombe, nikasema, "Baba Rehema, uliisoma ile kadi?"

Alikizungusha kikombe. "Niliona Mulenga. Nikaona inatosha."

"Na jina la kwanza?"

"Sikuliona. Maandishi yanakatika, kama mtu amekula pembeni ya karatasi."

"Kwa nini hukunipa mimi nisome?"

Nje dereva mmoja alikuwa anagonga tairi kwa chuma kusikiliza upepo. "Ningekupa," mume wangu alisema hatimaye, "ningekuwa nimekuja kufanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, nikakosa pa kuanzia. Daktari alisema macho yanapungua. Sikujua yamepungua kiasi hicho. Nilikaa naye kwenye kile kitanda, magoti yetu yakigusa meza. Katika ndoa yetu yote hatukuwahi kukaa siku nzima chumba kimoja bila yeye kuwa anajiandaa kuondoka. Siku ile alinionyesha namna madereva wanavyopika ugali kwa sufuria moja na mboga, na namna ya kukunja nguo ili chumba kidogo kisikushinde. Mambo aliyoyafanya peke yake miaka yote. Nilitambua kwamba nilikuwa nimeolewa na mtu wa mapumziko, na huyu wa kazini nilikuwa naanza kumfahamu.

Alhamisi, jua likiwa la saa nne, mtu aligonga mlango wa tela. Alikuwa Bwana Mulenga, amevaa koti na tai, bahasha ya kaki mkononi. Amekuja kwa basi.

Alikataa kuketi. Alisimama katikati, kichwa kikikaribia dari. "Ndugu yangu, shemeji, simu zenu niliziona zote," alisema. "Na kadi nilijua ina jina la nani. Barua ya mahakama ninayo siku nyingi. Hii hapa."

"Ulijua?" niliuliza. Sauti yangu ilipanda nikiisikia. "Tumelala hapa kama wezi, na wewe ulijua?"

"Nilijua, shemeji."

"Sasa kwa nini?"

Alivua miwani akaifuta kwa tai. "Kuuza lazima, kwa binti yangu hakuna nafasi. Mdomo ulisema chukueni. Nikasema moyoni, pale mpakani wakilikataa, litarudi lenyewe. Sitakuwa nimewanyima mimi." Alishika ukingo wa pazia. "Haya alishona yeye."

Mimi bado nilikuwa na hasira, nakiri. Tulikuwa tumekwisha lipa, tumesafiri nchi mbili, na mtu anatuambia alitegemea tukwame. Lakini mume wangu aliinuka, akamwekea mkono begani.

"Kama unalitaka, tunalirudisha Isoka leo," alisema. "Mama Rehema atalivuta. Hatutagombana."

Nilitaka kumkatiza. Nikamwangalia usoni nikaona anamaanisha, tena kwamba katika watu watatu tuliokuwemo mle yeye ndiye aliyekuwa anamwelewa Mulenga vizuri kuliko mtu yeyote. Nikasema, "Nitalivuta."

Mulenga aliketi. Aliomba chai. Nilitoa vile vikombe viwili vya kabatini, mimi nikanywea kifuniko cha chupa ya chai. Alikunywa polepole, akitusimulia Beatrice alivyokuwa anaogopa viboko wa ziwani na bado kila mwaka ndiye aliyefungasha wa kwanza. Alicheka mara moja. Alipomaliza alikiosha kikombe mwenyewe, akakifuta, akakirudisha kabatini.

"Twendeni kwa yule dada," alisema. "Nitie saini kabla sijabadilika."

Ijumaa tulimaliza. Mkataba uliandikwa upya, afisa akakagua namba kwenye chuma cha tela, ushuru ukalipwa, tukavuka Tunduma mchana. Mulenga alitaka kutupungia mkono kutoka barabarani, lakini malori yalikuwa mengi mno, hata sikumwona.

Jumamosi ilikuwa siku ngumu kuliko zote, na haikuwa kwa sababu ya tela. Baada ya Makambako barabara hunyooka na kufunguka. Mume wangu alisema, "Nipe kidogo. Mpaka Mafinga tu. Hapa hata kipofu angeendesha."

Nilisimama pembeni. Nilizima gari. "Kule kushoto," nilisema, "pana mtu?"

Aligeuza kichwa chote ndipo akamwona mwanamke aliyekuwa anatembea na kuni, hatua chache tu kutoka kwenye tairi letu.

Alitazama mpaka yule mama akapita. Kisha akafunga mkanda wake vizuri. "Endesha," alisema.

Tukapita Iringa. Kabla ya kuteremka Kitonga nilianza kuogopa. Kupanda na pikapu tupu ni jambo moja, kuteremka na tela linalokusukuma mgongoni ni jambo jingine. Hapo ndipo mume wangu alipoanza kunielekeza. "Gia ndogo, sasa, kabla ya mteremko. Usikanyage breki moja kwa moja, kanyaga, achia. Lori lililo nyuma lina haraka zake, liache lipite. Kona hii inafunga mwishoni, kaa upande wako." Hakuna aliyekuwa anaijua ile barabara kama yeye, na hakuhitaji kuiona. Tulifika chini salama. Alisema, "Umeendesha vizuri kuliko mimi nilipoanza," na mimi nikajua hasemi uongo kunifurahisha, maana hana tabia hiyo.

Jumapili alasiri tulipita Mzumbe, Uluguru ukiwa wazi mpaka kileleni, na tukaingia Mafiga majirani wakitoka nje kutazama. Geti letu lilikuwa jembamba, ikabidi fundi wa mtaani abomoe nguzo moja. Jirani yetu Mama Shani alizunguka tela lote, akachungulia dirishani, akauliza, "Sasa hili mtalifanyia nini?"

"Kwanza tutakwenda nalo kwa binti yetu Rehema, Songea," nilisema.

Jioni hiyo Rehema alipiga simu kuuliza kama tumefika salama. Nilimpa baba yake. Alisikiliza, akaitikia salamu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama yako ndiye aliyeendesha, kwenda na kurudi. Mimi siendeshi tena. Macho yangu hayafai." Nilisikia binti yetu ameanza kulia, na yeye akimbembeleza, akimweleza kuhusu mteremko wa Kitonga na namna nilivyoumudu.

Nimejifunza mengi kuhusu ushuru na hati ambayo mwingine anaweza kuambiwa na wakala. Ambalo sikuambiwa na yeyote ni hili: mtu anaweza kukukabidhi kitu kwa mikono miwili, na bado ikamchukua siku kadhaa na safari ndefu kukiachia. Ukiweza, msubiri. Mchemshie chai.