Maandishi Chini ya Uso wa Baba

Arobaini ya baba tuliifanya nyumbani kwangu Kasongo, na mimi nilikuwa na jambo moja tu la kuwaonyesha watu: kwamba baba alinisamehe kabla hajafa.

Tulikuwa hatusemezani. Niliacha shamba lake la Wamaza nikaenda kuchimba madini Lusangi, kisha nikaja mjini kutengeneza simu na kompyuta za watu. Alipougua nililetewa habari. Nikasema nitakwenda barabara ikikauka, kana kwamba barabara ya Kabambare, ya kwenda kwake, imewahi kumngoja mtu. Akafa sijafika. Shangazi, dada yake, ndiye aliyemuuguza, na ndiye aliyemrekodi kwa simu siku za mwisho. Baba alisema Kibangubangu, ambacho mimi nasikia nusu nusu, na sauti yenyewe ilikuwa ya mgonjwa. Nikamwomba shangazi anitafsirie.

"Anasema amekusamehe, mutoto wangu. Anakuombea."

Nililia mpaka nikaona aibu. Kisha nikaiandika tafsiri ile chini ya uso wake ili watoto waisome. Sikutaka maandishi ya ovyo. Niliyachora kama picha, ya rangi ya dhahabu, yenye kivuli. Nikaiweka video kwenye kompyuta yangu ya zamani, ile inayorusha filamu hadi televisheni ya sebuleni bila waya.

Siku yenyewe dua ikaisha, watu wakala, nikawasha. Baba alifungua mdomo, akaganda. Kompyuta ikavuma, na batri ya sola ikaanza kushuka, maana nje kulikuwa na mawingu. Nikapunguza ubora wa picha, ikazidi kukwama. Nikaunga waya, bure.

"Iko nakatika-katika juu ya nini?" akauliza baba mdogo, aliyekuja kutoka Wamaza kwa pikipiki.

Nikafungua ukurasa unaoonyesha kompyuta inafanya nini. Video haikuwa ikitumwa ilivyo. Ilikuwa inapikwa upya, kama wali ulioiva unaorudishwa jikoni, na sababu iliandikwa wazi: maandishi. Televisheni haikuweza kuyasoma maandishi yaliyochorwa, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inayabandika juu ya kila picha ya baba, kazi iliyoizidi nguvu. Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi mzima, nimejikwamisha kwa rangi ya dhahabu.

Nikayazima. Kompyuta ikatulia, na baba akasema bila kukwama.

"Rudisha maandishi," shangazi akasema haraka. "Watoto hawasikie Kibangubangu."

"Acha, mimi nitawaambia," akajibu baba mdogo.

Akasogea karibu na televisheni, akawa anawageuzia watoto neno kwa neno.

"Anasema kifua kinamuuma. Anaomba maji. Anauliza kama kuko pikipiki imefika. Anasema: mutoto wangu iko njiani, muniinue nikae, asinikute nimelala."

Binti yangu akauliza, "Na pale kwa kusamehe?"

"Kusamehe nini? Hakusema vile."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua ncha ya kitenge chake. Sikuweza kumkasirikia. Hasira yote ilinirudia mwenyewe.

Mikono miwili inaingia kwenye picha na kumwinua baba. Video inaishia hapo, amekaa, anatazama mlango.