Abiria wa Mstari wa Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini, Mwalimu Mkuu wa shule ile ya Gesima hakuniuliza lolote kuhusu hesabu wala Kiswahili, masomo niliyosomea. Alinitazama kuanzia viatu hadi kola, akauliza, "Wewe si ulikuwa kwa kwaya ya kanisa? Unajua solfa?" Nikasema najua. "Basi hii watoto ya kuimba ni yako. Mashindano ni muhula ujao, na mimi sipendi kurudi mikono mitupu." Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kufundisha kwaya za shule, nikaifanya mpaka nikastaafu.

Ninyi walimu wa siku hizi mnawachezea watoto wimbo kwa simu, nao wanaufuata. Sisi tuliandika solfa ubaoni, do, re, mi kwa herufi zake, tukawagawa watoto kwa sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kabla ya kuanza nilipuliza pichi paipu, kifilimbi cha duara kinachotoa ki, yaani sauti ambayo wimbo wote unaikalia. Mtoto akipanda juu ya ki au akishuka chini yake, tulisema anateleza. Kwaya nzima inaweza kukosa nafasi kwa sababu ya mtoto mmoja, na waamuzi wana masikio.

Nilipokuwa mdogo sikujua kama kuna ki. Mama yangu aliimba akipalilia wimbi, nami nikimfuata nyuma nikipiga kelele zangu, na nikimkumbuka leo kwa masikio ya kazi, sidhani kama aliwahi kumaliza wimbo mahali alipouanzia. Siku ya Sabato tuliimba sote hadi koo zikauma, wakubwa kwa wadogo. Niliupenda muziki vile mtoto anavyopenda mvua. Kazi ilinifundisha kuupenda kwa alama.

Wanaoteleza hatukuwafukuza. Jukwaa lilitakiwa lionekane limejaa, na sare zilikuwa zimeshashonwa. Tuliwaambia wafungue midomo, wasitoe sauti. Sisi walimu tuliwaita abiria, tukawacheka kwenye chai ya saa nne. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maandishi. Nililikuta, nikalishika, nikawa fundi wake. Nilikuwa napita kati ya mistari nikiinamisha sikio, na nikimfikia mtoto anayeteleza, namgusa bega mara moja. Alielewa.

Baadaye nilihamishiwa shule moja karibu na mji wa Nyamira. Huko Mwalimu Mkuu alikuwa mama mkali, mwenye kabati la vikombe ofisini alilolifuta vumbi kwa mkono wake mwenyewe. Ndiko alikosoma binti yangu Kwamboka, akiwa darasa la nne. Nyumbani aliniita Tata, kama watoto wa Kisii wanavyowaita baba zao, lakini shuleni nilikuwa Mwalimu. Mtoto huyo alikuwa anaimba kutwa nzima: akiosha vyombo, akitafuta kuni, akiwa chooni. Alijiandikisha kwenye kwaya bila kuniuliza.

Mwalimu Mkuu huyo alikuja kutusikiliza, kisha akaniita kando. "Mwalimu, huyo wako wa mbele anatuvuta chini. Ama unamwonea haya kwa sababu ni wako?"

Hilo neno la mwisho lilinichoma. Ningeweza kuongea na mtoto wangu nyumbani, taratibu, tukiwa wawili. Lakini nilitaka kila mtu aone sipendelei. Nikasimama mbele ya watoto wote nikasema, "Kwamboka, wewe utafungua mdomo tu. Sauti ibaki ndani."

"Sawa, Mwalimu," akasema.

Tulishinda. Mwamuzi, akisoma maoni yake mbele ya ukumbi, alimsifu msichana wa mstari wa mbele anayeimba kwa uso mzima, akasema wengine waige mfano wake. Walimu wenzangu waliangua kicheko, nami nikacheka kuwashinda. Kwamboka alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile nasikia aibu ikinipanda shingoni.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza. Vyombo vilioshwa kimya, na kwenye maombi ya jioni niliiona midomo yake ikienda bila sauti. Ningependa kuandika kwamba sikutambua. Nilitambua, na nikaona afadhali, kwa sababu nilikuwa nasahihisha vitabu na nilihitaji utulivu. Huo ndio ukweli, na ninauandika nikiwa mtu mzima mwenye mvi.

Kwenye sherehe ya kuniaga nilipostaafu, wanafunzi wangu wa zamani waliitwa mbele waniimbie. Kwamboka, sasa mwanamke mwenye kazi yake na ujauzito wa miezi saba, alisimama nao. Mkurugenzi wa elimu alikuwa akininong'oneza sifa zangu, lakini mimi nilikuwa namwangalia binti yangu. Alikuwa anafungua mdomo tu.

Nilikaa na jambo hilo miezi mingi. Hatimaye nilikata mkungu wa ndizi, nikaenda hadi mtaa wa Nyanchwa anakopanga nyumba, nikiwa nimeshapanga maneno ya kuomba msamaha. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti ndani. Alikuwa anamwimbia mtoto wake, kwa nguvu, akipanda na kushuka anavyotaka, hana ki hata moja, na mtoto anacheka. Nilisimama hapo na mkungu begani, machozi yakinitoka. Nilipaswa kukaa nje mpaka amalize. Lakini nilibisha, naye akanyamaza.

"Karibu, Tata," akasema, akiupokea mkungu. "Mbona hukupiga simu?"

"Nimekuja kukuomba msamaha. Kwa ile siku ya kwaya."

Aliuegemeza mkungu ukutani. "Tata, hiyo ilikuwa kazi yako tu. Ilishapita."

"Basi niimbie hiyo uliyokuwa unaimba."

Alimwinua mtoto, akamlaza begani, akaanza kumpigapiga mgongo.

"Wacha leo. Mtoto ameshalala," akasema.

Juu ya bega lake, mjukuu wangu alikuwa ananitazama kwa macho yote mawili.