Bibi Kwenye Nyumba ya Pilipili

Usiku ule nitausimulia polepole, kwa sababu hata kuandika naandika polepole. Niliishia darasa la saba. Mwandiko wangu unalala upande, na huenda maneno mengine nimeyakosea herufi, mnisamehe. Mama amesema nikingoja mpaka mkono unyooke ndoto itakuwa imenitoka. Basi nimekaa kwenye kigoda, daftari juu ya magoti, ninaandika kama ilivyokuja.

Ila nianze na pilipili, maana bila pilipili Bibi asingekuja.

Bibi, mama yake baba, hakuwa mtu wa huku kwetu milimani. Alizaliwa kule chini, ziwani, kwenye joto. Alipoolewa na babu akapandishwa huku Makete, alikuja na nguo zake na mbegu za pilipili mbuzi alizozifunga kwenye ncha ya kanga. Pilipili mbuzi haipatani na baridi. Huku kipupwe kikiingia, sakitu inashuka alfajiri, nyasi zinakuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na jua likishatoka kila kilicho laini kinageuka cheusi. Majirani waliopanda pilipili ile kwao, sakitu iliwamalizia. Bibi peke yake ndiye aliyeweza kuitunza. Kila mwaka kabla ya baridi alihamisha mche mmoja kwenye chungu kilichovunjika mdomo, mchana akautoa juani, usiku akaulaza jikoni karibu na moto.

Mwaka jana, katikati ya kipupwe, Bibi alifariki kwa kichomi. Kwenye msiba hakuna aliyekikumbuka chungu. Moto ulihamia nje kwa wapishi, jikoni kukapoa, na siku ya pili ule mche ulikuwa umekufa.

Zilibaki mbegu ndani ya kibuyu kidogo chenye majivu. Mwaka huu nilizisia zote. Ikaota miche kumi na minne. Hakuna mingine. Hii nayo ikifa, pilipili ya Bibi imekwisha.

Nilichelewa kusia, kwa hiyo baridi iliikuta ikiwa na urefu wa kidole. Nikaipanda kwenye makopo nikaiingiza jikoni, lakini makopo kumi na manne jikoni kwetu ni wageni wengi mno. Kwa giza na moshi majani yakaanza kuwa ya njano. Ndipo nikakumbuka kitalu nyumba nilichokiona kwa bwana mmoja mwenye shamba la nyanya, nyumba nzima ya nailoni juu ya mabomba ya chuma. Mabomba mimi nitayatoa wapi? Lakini mianzi tunayo nyuma ya nyumba.

Nilikata mianzi iliyokomaa nikaipasua katikati, nikaikunja kama upinde na kuchimbia ncha zake ardhini, upinde baada ya upinde, mpaka ikasimama kama mbavu za ng'ombe. Nilifunga maungio kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Nailoni alinipa mwenye duka la magodoro. Magodoro mapya huja yamevalishwa nailoni, naye huzichoma. Nilizikunja kingo mara mbili nikazishona kwa sindano ya magunia. Pembeni chini nikakandamiza kwa udongo na mawe, na mlango nikaweka kiroba. Kimo chake kinanifika kifuani, kwa hiyo ukiingia unainama.

Kaka yangu Lazaro alisimama na kikombe cha chai akaniangalia siku nzima.

"Mama, njoo umwone binti yako," alisema. "Kajenga nyumba ya pilipili. Ya kwake mwenyewe lini?"

"Mwache," alisema Mama.

"Mimi nauliza tu. Wapangaji watalipa kwa nini, kwa kuwasha?"

Mimi maneno hunijia kesho yake. Lakini kamba ya mwisho alinifungia yeye, kwa sababu sikuifikia.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu, na kwangu mimi kuliandika ni rahisi kuliko kulisema. Bibi na mimi tulilala jikoni, kitanda kimoja. Upande mmoja wa kitanda ulikuwa wa moto. Upande wa pili ulishikana na ukuta wa tofali mbichi, ambao wakati wa kipupwe unatoa jasho la baridi. Huku kwetu mtoto halazwi ukutani, kwa hiyo tangu utoto wangu Bibi alilala ukutani na mimi upande wa moto. Lakini nilikua. Nikafika miaka kumi na saba, nimempita Bibi kwa urefu, na bado yeye yuko ukutani.

Usiku mmoja, wiki ile kabla hajaugua, aliniita gizani. "Mke mwenzangu, umelala?"

Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu. Alisema mimi na yeye tumeolewa na babu mmoja. Nilikuwa macho. Nilijua anataka tubadilishane. Nikanyamaza, nikawa navuta pumzi polepole kama mtu aliyelala, kwa sababu upande wangu ulikuwa na joto. Hakuita tena.

Tangu alipofariki mimi ndiye ninayelala ukutani. Upande wa moto nauacha wazi. Mama aliniuliza sababu, nikamwambia nimezoea.

Sasa usiku wenyewe. Jioni anga lilikuwa safi, halina wingu hata moja, na huku kwetu anga kama hilo ni la kuogopwa. Niliingiza makopo yote kwenye nyumba yake mpya. Niliyapanga kandokando, saba huku na saba huku, yameegemea nailoni, katikati nikaacha njia, kama wageni wanavyokaa sebuleni. Nikafunga kiroba. Nikalala, nikageuka. Nikageuka tena. Nilisikia ukuta mgongoni, nikasikia mbwa wa jirani, kisha mbwa akanyamaza.

Nikajikuta niko darasani. Ni darasa letu la shule ya msingi, lakini madawati ni makopo, na mwalimu simwoni uso. Ananiambia nisimame nihesabu miche. Ninahesabu kwa kidole. Inakuwa kumi na mitatu. Wanafunzi wanaguna. Narudia kutoka mwisho, kumi na mitatu. Nataka kusema ngoja, ngoja kidogo, lakini sauti haitoki, na kila ninapohesabu chumba kinakuwa chembamba zaidi, paa linashuka, nami nimeshainama. Naona mbavu za mianzi juu yangu. Nimo ndani ya nyumba ya pilipili, na nje ya nailoni nyota zimekaribia kama watu wanaochungulia.

Kiroba kikafunguka. Bibi akaingia.

Hakuinama. Sijui alipitaje bila kuinama. Amevaa kanga yake ya maua mekundu, miguu haina viatu, na vidole vyake vina mchanga mkavu, mchanga wa kule kwao. Hanisalimu. Anapita kwenye njia niliyoiacha, anagusa kopo hili, anagusa lile, kama anavyogusa vichwa vya watoto usiku kuona nani ana homa. Mimi bado nahesabu. Siwezi kuacha. Kumi na mitatu, Bibi, kumi na mitatu, ninasema moyoni, mmoja nimeupoteza.

Amefika kwenye nafasi iliyo wazi, pale ambapo kopo moja halipo. Anakunja kanga miguuni. Analala pale chini, kati ya makopo na nailoni, mgongo wake umeegemea nailoni, uso umetazama miche.

Nikaona nailoni inaanza kuwa nyeupe. Inaanzia mgongoni kwake. Weupe unapanda taratibu, unafika begani, unashika nywele.

Nataka kukimbia kumtoa, na njia ile fupi haiishi. Natembea napita shamba la babu, napita kisima, napita wapishi wa msiba wanaokoroga masufuria bila kuinua macho, na bado Bibi yuko palepale mbele yangu, hatua tatu, ukutani. Sauti yangu imekwama kama mfupa wa samaki. Ninaisukuma, ninaisukuma, mpaka ikatoka.

"Bibi, toka huko! Leo zamu yangu."

Akafungua macho. Akanitazama.

"Ulikuwa macho," alisema.

Hakuwa anauliza. Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

Hapo mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni baridi. Kumbe anacheka, kile kicheko chake kisicho na sauti, kinachoanzia mabegani.

"Nilijua. Aliyelala hapumui kwa adabu namna ile." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nami nilikuita uniachie blanketi, mke mwenzangu. Si upande."

Nilikaa chini. Ardhi ilikuwa ya joto, kama mchanga. Nikamwambia nimelala ukutani mwaka mzima kwa ajili yake. Akaacha kucheka.

"Kwa ajili yangu?" alisema. "Kitanda kile kilikuwa na miguu. Miaka yote ile, mimi na wewe, hakuna aliyekisogeza."

Kisha akainuka. Mgongo wake ulikuwa mweupe wote, naye anajipangusa tu kama mtu aliyeketi kwenye unga. Akalitazama kopo lililokuwa karibu naye, akanitazama mimi.

"Sogeza watoto," alisema.

Nikaamka.

Ukuta uko mgongoni, una maji. Sikutafuta viatu. Nilichukua kurunzi nikatoka, na majani ya uani yakalia chini ya nyayo zangu kama chumvi ya mawe. Sakitu ilikuwa imeshaanza.

"Nani huyo?" Mama aliita kutoka nyumba kubwa.

"Mimi."

"Unakwenda wapi na baridi hii?"

"Kusogeza pilipili."

Halafu akauliza, "Umemwota?"

"Ndiyo."

Nilisikia mlango wake unafunguka.

Ndani ya nyumba ya pilipili nilimulika, nikaona kosa langu. Nailoni ilikuwa imeganda upande wa ndani, barafu nyembamba kama ngozi ya maziwa, na kila jani lililoigusa lilikuwa katika hatari. Mle ndani hakuna moto wa kuuachia nafasi katikati, na mimi niliyapanga makopo ukutani kama ninavyopanga watu, nikaacha katikati, penye uvuguvugu, pawe pa kupita mtu ambaye hayupo. Nilianza kuyavuta, moja moja, kuyaleta katikati yakumbatiane. Nilihesabu. Kumi na minne. Nikahesabu tena kwa sababu sikuamini.

Mama alikuja na sufuria ya maji iliyolala juu ya mafiga, bado ya moto, imefunikwa. Tukaiweka katikati ya makopo. Nyuma yake alikuja Lazaro, koti juu ya shuka.

"Mnahamisha wapangaji saa hizi?"

"Shika kurunzi," Mama akamwambia.

Akashika. Alipokuwa akijifunga koti kwa mkono wa pili, mwanga ukawa unacheza juu ya nailoni, na kwa kitambo kidogo nikaona kama kuna mtu amekaa upande wa pili. Kilikuwa kivuli cha Mama tu. Nasema hivyo ingawa sikugeuka kuhakikisha.

Asubuhi uwanja mzima ulikuwa mweupe. Viazi vya jirani vilianguka, majani ya maboga yetu yalikuwa kama yamechemshwa. Jua lilipopanda nilifungua kiroba. Miche yote kumi na minne ilikuwa imesimama. Mmoja tu, ule wa mahali alipolala Bibi, ulikuwa na jani moja jeusi. Lilikuwa limeshikana na nailoni kabla sijafika. Sikulikata. Litaanguka lenyewe.

Mchana ule nilikisogeza kitanda. Ni kizito, na miguu yake ilikuwa imechimba mashimo manne sakafuni, mashimo ya miaka ya Bibi. Nilikivuta mpaka mkono wangu ukapita kati yake na ukuta. Mama alisimama mlangoni na ungo.

"Mbona umekihamisha?"

Maneno hunijia kesho yake, lakini siku ile yalikuja palepale. Nilimwambia yote, hata kuhusu kupumua kwa adabu. Akakaa kwenye kitanda, ungo mapajani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikujua kama analia au anacheka, mpaka nilipokaa karibu naye, upande wa moto, nikaona anacheka.

Ninyi mnaosoma, kama mmewahi kuota marehemu wenu anacheka, niandikieni mniambie ilikuwaje, na alikuwa amewaachia neno gani. Na kama uko mahali penye baridi na una mche wa mtu usiotaka upotee, nieleze unaulaza wapi. Nitajibu kila barua. Nitachelewa, lakini nitajibu.