Chuma cha Kushusha Radi

Mama yangu alikufa wiki tatu kabla ya mtihani wangu wa leseni ya redio, na aliyemuua ni mimi. Watu wa kwetu Mogogosiek watakwambia ni radi. Kanisani walisema kazi ya Mungu haina makosa, wakaimba, wakala wali, wakaenda kwao. Katika boma lote mimi peke yangu nilikuwa nimesoma kitabu cha mtihani ule, kwa hivyo mimi peke yangu nilijua. Na niliogopa kitu kimoja tu: siku baba atakaponiuliza.

Ngoja nieleze. Mimi ni fundi wa simu, nina kibanda Litein. Leseni niliyoitaka si ya kutangaza muziki. Ni ya watu wanaoongea wao kwa wao hewani, mtu wa hapa na mtu wa Japani, bila biashara, kwa kupenda tu. Bila leseni unaruhusiwa kusikiliza lakini huruhusiwi kujibu. Miaka miwili nilisikiliza wageni wakiitana, nami nimenyamaza kama mkwe ugenini. Mara ya kwanza nilianguka mtihani, tena vibaya. Majirani walinicheka, ati huyu sasa anataka kupigia malaika simu. Mama hakucheka. Alienda kuchuna majani chai peke yake ili mimi nibaki nikisoma, na akirudi alifungua kitabu popote na kunisomea swali moja, akisoma polepole kwa kidole. Jibu hakulijua. Nikijibu haraka alisema nimejua. Nikisitasita, alinirudisha kwenye kiti. Alikuwa mkali, bana.

Kitabu kilisema antena ikiwa juu huita radi, na kwetu hakuna siku ya mvua isiyo na ngurumo. Basi nilipovuta waya wangu wa antena kati ya mikaratusi miwili, nilipigilia pia chuma kirefu ardhini, nje ya dirisha langu, nikaacha kipande cha kufika magotini. Mawingu yakinguruma, unachomoa waya kwenye redio unaufunga kwenye kile chuma, ili radi ikipiga ishukie ardhini isiingie nyumbani. Nilipigilia nusu siku. Hakuna kitu kingine kilichosimama imara vile katika boma letu.

Sasa, mtu wa kwetu akiona chuma imara kimesimama bure, anaona nini? Kigingi cha ng'ombe. Kigingi chetu cha mti kilikuwa kimeoza kwa mvua, na ng'ombe wetu wa gredi, yule wa maziwa, alikuwa mkorofi, ameshavunja chai ya jirani mara mbili. Asubuhi hiyo baba alimleta na mnyororo wake akamfunga pale. Nilimwona nikiwa dirishani.

"Chuma chako leo kimepata kazi," akaniambia.

"Chunga asinilie antena," nikamjibu. Tukacheka wote wawili, nikarudi kwenye maswali yangu. Weh! Tulicheka kweli.

Saa nane mawingu yakashuka. Nilifanya kama mwanafunzi mzuri. Ngurumo ya kwanza tu, nikachomoa waya, nikanyoosha mkono dirishani, nikaufunga kwenye chuma, nikafunga dirisha. Ng'ombe alikuwa pale pale, ningeweza kumpiga kofi. Sikumfikiria. Kitabu hakikuandika neno lolote kuhusu ng'ombe, na mimi nilikuwa nakariri kitabu, mjinga mimi. Mama alikuwa ametoka kupimisha majani senta, wanakonunua chai, amelowa, akapitiliza moja kwa moja kumfungua ng'ombe amwingize bandani. Nilimsikia akimgombeza asimame vizuri. Kisha mwanga na mlio vikaja pamoja. Nilipofungua dirisha wote wawili walikuwa chini, na mkono wa mama bado ulikuwa kwenye mnyororo.

Baada ya mazishi sikutaka kukiona kitabu. Ni baba aliyenisukuma. "Mama yako amechuna majani yake na yako," alisema. "Utaenda." Nikaenda Nairobi. Kati ya maswali lilikuwepo moja la radi: ikikaribia, antena utaifanya nini? Majibu manne. Nikaweka alama kwenye lile la kweli, lile nililolifanya siku ile, nikakandamiza kalamu mpaka msimamizi akaniuliza kwa nini natoboa karatasi. Nilimwambia kalamu ni mbovu.

Nilipita. Leseni ilikuja kwa simu, nikaichapisha Litein, nikampelekea baba. Alikuwa ameketi mlangoni na kikapu kitupu. Tangu mazishi alikuwa hachuni, hali chakula, shingo imebaki mishipa mitupu. Akaishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaitazama sana.

"Hii inasema sasa unajua mambo ya radi?"

"Inasema najua redio, baba. Na radi pia, kidogo."

"Basi niambie. Yule ng'ombe ningemfunga kwingine, mama yako angekuwa hai?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu wiki nyingi. Kwamba chuma ni changu, waya niliufunga mimi, anilaani akitaka. Lakini kila nilipoyapanga yaliishia kwenye mnyororo, na mnyororo aliufunga yeye. Hakukuwa na njia ya kujitwika ule mzigo bila kumpa nusu yake. Nikaona yale macho, nikaogopa, nikamhurumia.

"Hapana, baba," nikasema. "Radi ikitaka kuanguka, inaanguka tu."

"Karatasi inasema hivyo?"

"Inasema hivyo."

Akaikunja taratibu, akanirudishia. "Kongoi," akasema, ndiyo asante yetu. Halafu akaniuliza kama kuna chakula.