Pompi Niliyoifungia Ndani ya Sanduku

Mujukuu wangu, binti wa miaka tisa, alikuwa na pumu. Nasema alikuwa, lakini hajakufa, musianze kulia mapema. Ni kwamba hayuko kwangu tena, na mi mutu akishatoka nyumbani namusema hivyo, kama aliyepita. Ni tabia mbaya. Bibi yake, muke wangu, huyo ndiye marehemu kweli, alinigombeza sana juu ya tabia hiyo.

Tunakaa Kasulo, mutaa wa bachimbaji. Majirani wa kushoto balitoboa sakafu ya chumba bakafuata madini chini, wa kulia vilevile, na vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Mi sikuchimba kwangu. Si kwa wema, hapana, mugongo ulikataa.

Kwenye dispensari balimupa mutoto pompi ya buluu, ya kuvuta kifua kikibana. Sasa kosa langu ni hili. Baba yangu aliletwa toka Kasai kwa kazi ya mugodi, na kwake kila kitu kilichotoka kazini, unga, sabuni, vidonge, kilifungiwa ndani ya sanduku la chuma, kikatolewa kidogo kidogo. Ndiyo ilikuwa heshima ya nyumba. Nyumba isiyo na sanduku ilichekwa. Basi na mi nikafungia pompi humo, ufunguo mufukoni. Mutoto akibanwa nilimwambia, "Kaa kwanza, tulia, itapita." Mara nyingi ilipita. Nilijisifu.

Kila baada ya miezi mitatu mama muganga wa dispensari aliita batoto wote wa pumu, aone kama ugonjwa umeshikwa. Ndivyo alivyosema, umeshikwa, kama mwizi. Tulijazana kwenye benchi moja na aliuliza mbele ya wote: usiku mutoto anaamka na kikohozi? Anakimbia na wenzake? Pompi mumeivuta mara ngapi? Kulikuwa na swali la nne, nimelisahau.

Kando yangu alikaa mama mumoja Mwislamu, jirani wa mutaa wa nyuma, familia yao ilitoka mashariki, bwana yake ana lori. Huyo alimwaga yote. Mwanawe anakohoa, anatapika, juzi alianguka akicheza mupira, pompi imekwisha kabla ya mwezi. Nikamucheka.

"Mama, hata mambo ya mutoto unaanika inje kama nguo?"

"Tata, zangu ni chafu, nimeleta zifuliwe. Zako ziko safi?"

Benchi nzima ikacheka. Zamu yangu ikafika.

"Anaamka usiku, tata?"

"Analala muzuri." Kwetu ukiulizwa hali ya mutoto mbele ya batu, unasema muzuri. Kusema mabaya yake ni kumuvua nguo.

"Anakimbia?"

"Huyu? Huyu mutulivu, anakaa na bakubwa." Zamani alikimbia, akaacha. Nilifikiri ni adabu imemuingia.

"Na pompi?"

"Mara moja, mwezi muzima." Hilo nilijibu kichwa juu.

Mama muganga alifurahi, akaandika kwenye fishi, ile kadi ya mutoto, kwamba ugonjwa umeshikwa vizuri. Mwana wa yule mama alipewa dawa ya pili, ya kuvuta kila siku. Wangu hakuongezwa kitu. Nilitoka kama mutu aliyeshinda mutihani, na mi niliishia darasa la tatu, mitihani niliyoshinda unaweza kuihesabu kwa mukono mumoja.

Jumamosi moja asubuhi nilikwenda Musonoi, kwenye matanga ya rafiki. Ufunguo mufukoni. Mutoto akabanwa huku nyuma. Alijikokota mpaka kwa yule mama, na yule mama akamuvutisha pompi ya mwanawe, akamupakia kwenye pikipiki ya taxi-moto, bakafika hospitali. Nilipofika mi, midomo ya mutoto ilikuwa rangi ya majivu na mupira wa hewa puani.

"Alinivuta kwanza mpaka kwenu, akanionyesha sanduku," yule mama akaniambia. "Nililipiga na muchi, tata. Halikufunguka." Hakuwa ananicheka tena. Afadhali angenicheka.

Kesho yake mama muganga alikuja kumuona. Akamuuliza yeye mwenyewe, "Usiku unaamkaka?" Mutoto aliniangalia kwanza mi. Kisha akajibu, mbavu zikiingia ndani kila akivuta, "Nalala muzuri."

"Mama, anadanganya," nikasema. "Nimemufundisha mi." Nikaeleza yote, kikohozi cha usiku nilichokisikia, na sanduku.

Mama muganga akatoa fishi. "Tata, mi niliona haivutwi, nikajua haihitajiki." Akakata maneno yake kwenye fishi kwa kalamu, mustari mumoja, akaandika upya.

Binti yangu, mama ya mutoto, alishuka toka Musumba, siku tatu njiani, akamuchukua. Kule ni mashamba, hakuna mashimo. Hakunigombeza. Alifunga bitu bya mutoto tu, na pompi mbili akaziweka juu, pahali pa kufikia kwa mukono.

Simu ya kule inashika mara moja moja. Binti yangu anasema mutoto anaendelea muzuri, kisha anamupa simu, na mi nanyamaza kwanza nisikie pumzi yake kabla hajaongea. Haisikiki. Inasikika mitambo ya simu inavuma, na batoto banacheza mbali, na sijui kama, kabla ya kuitwa kwenye simu, alikuwa anakimbia nao au alikuwa amekaa.